Kitara Kinaushindaje Upanga Mkubwa? Maswali Yenu Kuhusu Kasi ya Kupiga

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wachezaji wa Old School RuneScape, gemu la mtandaoni la kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. Ni RuneScape ile ya Agosti 2007, ikafunguliwa upya Februari 2013, na tangu Oktoba 2018 inachezwa hata kwenye simu. Wengi mmeuliza jambo moja kwa maneno tofauti: kasi ya kupiga inatoka wapi, na kwa nini mwingine anaonekana kuwa nayo na mwingine hana? Barua tumezifupisha, maswali hatukuyagusa. Kwa mgeni: Attack ni levo ya kulenga, Strength ya nguvu ya pigo, Ranged ya silaha za kurusha, Defence ya kujilinda, XP ni pointi za uzoefu zinazopandisha levo hizo, na rune ni aina ya chuma ndani ya gemu.

Nina Attack 60 na Strength 60. Niliacha kitara cha rune nikanunua upanga wa mikono miwili wa rune, maana nguvu yake ni +70 na ya kitara ni +44 tu. Rafiki yangu mwenye levo zilezile amebaki na kitara chake, na kila jioni ananiacha mbali kwa XP. Kuna rafu hapa?
Msomaji, Morogoro

Hakuna rafu. Umenunua nguvu ukasahau kuuliza bei yake kwa muda.

Seva ya gemu hili haifuati mambo mfululizo kama maji ya bomba. Kila baada ya sekunde 0.6 inachukua yote yaliyobofywa, inayatekeleza kwa pamoja, kisha inangoja zamu nyingine. Zamu hiyo ndiyo wachezaji wanayoiita tiki. Dakika moja ina tiki 100, na hilo linarahisisha hesabu. Kila silaha imepewa idadi yake ya tiki za kusubiri kati ya pigo na pigo, na idadi hiyo ni kamili: hakuna tiki nne na nusu. Kitara, jambia, mjeledi na hata ngumi tupu ni tiki 4, yaani sekunde 2.4. Upanga mrefu ni 5. Shoka la vita na nyundo ya vita ni 6. Upanga wako wa mikono miwili ni 7, sekunde 4.2 nzima.

Sasa tuone pigo la juu kabisa. Chukua Strength 60, ongeza 3 za mtindo wa "Aggressive", ongeza 8 ambazo gemu humpa kila mtu, unapata 71. Jumlisha nguvu za vifaa vyako na 64, zidisha kwa 71, gawa kwa 640, ongeza 0.5, desimali tupa. Tuseme nyote wawili mmevaa hirizi ya nguvu ya +10 na hamjanywa dawa wala kuwasha sala. Kwa kitara: 44 na 10 na 64 ni 118, mara 71 ni 8,378, gawa kwa 640 ni 13.09, ongeza nusu, tupa desimali: 13. Kwa upanga wako: 144 mara 71 ni 10,224, na jibu ni 16.

Tofauti ni pointi tatu. Tatu tu! Ile +70 iliyokuvutia haikwenda yote kwenye pigo, kwa sababu 64 na levo zako zipo kwa nyote wawili na zinaimeza sehemu kubwa ya tofauti.

Pigo likiingia, kwa wastani hutoa nusu ya kiwango cha juu. Rafiki yako anapiga mara 25 kwa dakika, wastani 6.5, jumla kama 162. Wewe unapiga mara 14 na ushei, wastani 8, jumla 114. Ungekuwa na upanga mrefu wa rune ungepiga mara 20 kwa wastani wa 7, ukapata 140. Kila pointi moja ya uhai unayomtoa adui ni XP 4 za Strength, kwa hiyo mapigo yote yakiingia na pasiwe na kutembea, pengo lenu ni zaidi ya XP 11,000 kwa saa.

Utasema upanga wako unalenga vizuri zaidi, +69 dhidi ya +45. Kweli, na mbele ya adui mwenye ulinzi mgumu pengo litapungua. Ila ili umfikie rafiki yako, mapigo yako lazima yaingie mara nyingi kuliko yake kwa zaidi ya asilimia 40. Ng'ombe na goblini hawana ulinzi wa kukupa nafasi hiyo: kitara nacho huwapata bila shida. Tena hapo hatujagusa ngao, ambayo mikono yako miwili imeshaiacha nyumbani.

Dawa gani au vazi gani linaongeza kasi ya kupiga kwa asilimia, kama kwenye magemu mengine?
Msomaji, Unguja

Kwa mchezaji wa kawaida, hakuna. Dawa ya Strength inaongeza pigo, sala zinaongeza pigo na kulenga, glavu vivyo hivyo. Mitindo ya "Accurate", "Aggressive", "Controlled" na "Defensive" ya silaha za mkononi hubadilisha levo za siri na aina ya XP, tiki haziguswi. Kasi iko ndani ya silaha yenyewe, na kwa silaha za kurusha kuna kitufe kimoja tunachokieleza hapa chini. Vipo vitu vichache vya levo za juu vinavyovunja kanuni hii, kama ile fimbo ya Nightmare iliyowekewa jiwe la harmonised, inayoshusha uchawi wa kawaida kutoka tiki 5 hadi 4. Bei yake ikikutisha, ujue hujafika huko.

Kwenye upinde kuna "Accurate", "Rapid" na "Longrange". Naogopa "Rapid" inakosa shabaha na kumaliza mishale. Nitumie ipi?
Msomaji, Mombasa

"Rapid", ndugu yetu, karibu kila mara.

Jina lake linadanganya kidogo. "Rapid" haikupunguzii shabaha. Inakunyima tu zile levo 3 za siri ambazo "Accurate" ingekupa, na badala yake inakata tiki moja kwenye kusubiri. Tiki moja hiyo thamani yake hutegemea imekatwa wapi, na hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Upinde mfupi unatoka 4 hadi 3: unarusha mara 33 kwa dakika badala ya 25, ongezeko la theluthi. Krosbo inatoka 6 hadi 5, ongezeko la asilimia 20. Upinde mweusi, mzito kuliko wote hawa, unatoka 9 hadi 8, asilimia 12.5 tu. Vishale na visu vya kurusha vinatoka 3 hadi 2, na hapo umepata nusu nzima juu ya ulichokuwa nacho. Silaha ikiwa nyepesi, tiki moja ni utajiri. Ikiwa nzito, ni chenji.

Linganisha na zile levo 3. Mwenye Ranged 70 ana 78 kwenye hesabu ya gemu. Akiweka "Accurate" ana 81. Hiyo ni chini ya asilimia 4 kwenye kulenga na kwenye pigo. Hata upinde mweusi unaishinda.

Kuhusu mishale: kwa dakika utatumia mingi zaidi, ndiyo. Kwa adui mmoja utatumia karibu ileile, kwa sababu uhai wake haujaongezeka. Unachobadilisha ni muda wa kumlaza.

"Longrange" ina tiki sawa na "Accurate", inaongeza umbali kwa miraba 2 na kugawa XP pamoja na Defence. Itumie ukisimama mahali adui hafiki, kama bila miraba hiyo miwili humpati.

Na kwa kuwa kuna aliyeuliza pembeni: mshale ukirushwa kutoka mbali huchelewa kutua, lakini kusubiri kwako kunaanza pale unapouachia, si pale unapomfikia adui. Kusogea karibu hakuongezi kasi.

Nilipima silaha yangu kwa saa ya simu. Mapigo kumi ya mjeledi yalichukua sekunde 21.6. Mnasema ni 2.4 kila moja, mbona mimi napata chini ya hapo? Nimepata mjeledi wa bahati?
Msomaji, Kisumu

Umehesabu vidole badala ya nafasi kati yake. Mapigo kumi yana mapengo tisa, na tisa mara 2.4 ni 21.6 barabara. Ukianza saa kwenye pigo la kwanza, isimamishe kwenye la kumi na moja. Silaha ya tiki 4 itakupa sekunde 24, ya tiki 5 itakupa 30, ya tiki 6 itakupa 36, ya tiki 7 itakupa 42. Ikizidi kwa nusu sekunde hivi usishtuke, tiki za seva nazo hujivuta kidogo watu wakijaa.

Pima kwa adui mwenye uhai mwingi asije akafa katikati. Usile. Na hesabu kila alama inayotokea kichwani pake, ikiwemo sifuri ya buluu: pigo lililokosa nalo limekula tiki zake zote.

Nikipigana na adui mgumu nakula kila mara nisife, lakini kadiri ninavyokula ndivyo naye anavyochelewa kufa. Chakula kinampa nguvu yeye?
Msomaji, Dodoma

Kinampa muda. Ukila katikati ya kusubiri, gemu linakuongezea tiki 3 juu ya zile zilizobaki. Mwenye kitara aliyetakiwa kupiga baada ya tiki 4 sasa anapiga baada ya 7; kwa mlo mmoja kitara chake kimegeuka upanga wa mikono miwili.

Adhabu hiyo ni ya kila kipande, haijali ukubwa wa kipande. Kwa hiyo usihesabu bei ya chakula peke yake. Papa anarudisha uhai 20, kamba koche 12, samaki trauti 7. Ukitaka kurudisha uhai 60, papa ni vipande 3 na tiki 9 za kuchelewa. Kamba koche ni vipande 5 na tiki 15. Trauti ni vipande 9, tiki 27, zaidi ya sekunde 16 umesimama unatafuna huku unapigwa. Wengi hubeba begi zima la chakula cha bei nafuu, wakishindwa hulaumu silaha.

Mambo mawili yanasaidia. La kwanza, kula wakati kusubiri kumeshakwisha na bado hujamfikia adui mwingine, kwa mfano unapokimbia kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake. Hapo hakuna pigo la kucheleweshwa. La pili, dawa za kunywa hazicheleweshi pigo. Dawa ya Strength ikikuishia katikati ya mapambano, kunywa bila hofu. Hata ile dawa ya Saradomin inayorudisha uhai haigusi tiki zako za kupiga, ingawa inashusha Attack na Strength, na hapo utalipa kwa mlango mwingine.

Usibofye chakula mara tatu kwa pupa. Chakula cha kawaida kina kusubiri kwake kwa tiki 3, na kubofya zaidi hakumlishi mtu.

Napiga kwanza na upanga wa mikono miwili, kisha haraka nabadilisha nashika jambia la dragoni ili nitoe pigo maalumu papo hapo. Jambia linagoma kama lina usingizi. Simu yangu ndiyo nzito?
Msomaji, Lubumbashi

Simu yako haina kosa. Kusubiri hulipwa na silaha iliyopiga, si ile unayoishika baadaye. Ulipopiga na upanga umeandikiwa deni la tiki 7, na jambia umeliingiza kwenye deni la mwenzake. Utangoja 7 hata ukishika manyoya.

Geuza mpangilio. Piga na jambia kwanza: pigo lake maalumu hula asilimia 25 ya nishati yako ya mapigo maalumu, huchoma mara mbili kwa mkupuo mmoja, na deni lake ni tiki 4. Ndani ya hizo tiki 4 shika upanga mkubwa, bofya adui tena, na pigo la upanga litatoka tiki ya nne ikifika. Yaani silaha nzito imepiga baada ya kusubiri kwa silaha nyepesi. Deni la 7 litaanza hapo, kwa hiyo pigo zito lifanye liwe la mwisho, pale unapoamini litamlaza na wewe una safari ya kwenda kwa adui mwingine. Tiki utazilipa ukiwa njiani.

Hapo ndipo silaha nzito zina kazi, na ndiyo maana tunamwambia yule wa Morogoro asiuze upanga wake.

Ukitaka kitu kinachopiga kweli bila kungoja, kipo kimoja maarufu: nyundo ya granite. Kwa kawaida ni nzito, tiki 7, lakini pigo lake maalumu hutoka hapohapo hata kama unadaiwa na silaha nyingine. Inadai Attack 50 na Strength 50, na nishati asilimia 60 kwa pigo, au 50 ukiiwekea mpini wa mapambo. Nishati yenyewe hurudi asilimia 10 kila sekunde 30, kwa hiyo kutoka sifuri hadi kujaa ni dakika 5. Usiimalize kwa goblini.

Niko Bujumbura na ping yangu haishuki chini ya 200. Wachezaji wa Ulaya wana 20. Je, wao wanapiga haraka kuliko mimi? Na programu ya kubofya yenyewe inaweza kuziba pengo?
Msomaji, Bujumbura

Ukishambofya adui mara moja, hapana. Kuanzia hapo seva ndiyo inayohesabu tiki zako, na seva haiko Bujumbura wala kwa huyo Mzungu. Mjeledi wake na wako yote miwili inatoa mapigo 25 kwa dakika. Picha yako tu ndiyo inachelewa kidogo kufika.

Ping, yaani milisekunde za ujumbe kwenda seva na kurudi, inakugusa pale unapotoa amri mpya: kubadilisha silaha, kuwasha sala, kuhamia adui mwingine. Bofyo lako likifika seva katikati ya tiki linangoja tiki inayofuata, liwe la mwenye ping 20 au la mwenye 200. Wote wawili mnatia barua sanduku moja linalofunguliwa kila milisekunde 600. Tofauti ni kwamba wewe lazima uitie mapema zaidi. Ukibofya milisekunde 50 kabla ya sanduku kufunguliwa, wa Ulaya anawahi, wewe unaangukia zamu inayofuata. Ping ya 200 iliyotulia unaizoea kwa siku mbili tatu, unajifunza kubofya tiki ikiwa bado changa.

Kinachoua watu ni ping isiyotulia: sasa 200, mara 900, mara 250. Hapo bofyo moja linaruka tiki mbili na linalofuata linaingia sawa, na huwezi kuzoea kitu kinachobadilika. Kabla ya kumlaumu mtoa huduma, zima programu zinazojisasisha zenyewe nyuma, sogea karibu na dirisha au tumia waya, kisha fungua orodha ya dunia za gemu. Kila dunia ina bendera ya nchi iliko seva yake. Kwetu huku anza kujaribu za Uingereza na Ujerumani, ulinganishe na nyingine, ukae kwenye iliyotulia zaidi hata kama si ya chini kabisa. Ukiwa na mtandao wa kukatikakatika, washa "Auto Retaliate": mhusika wako atajibu mapigo mwenyewe wakati wewe unahangaika kurudi. Kumbuka kwamba mtandao ukikatika katikati ya vita, mhusika haondoki papo hapo. Anabaki uwanjani kwa muda, na anapigwa.

Programu ya kubofya yenyewe haizibi chochote. Ibofye mara mia, pigo ni moja kila tiki 4. Faida hakuna, na kanuni za gemu zinaikataza, akaunti inafungwa.

Nikimpiga adui kisha nikarudi nyuma hatua moja asinifikie, napoteza kasi?
Msomaji, Tanga

Hupotezi, ukirudi kwa wakati. Kusubiri kunahesabika ukiwa umesimama, unatembea au unakimbia. Kutembea ni mraba 1 kwa tiki, kukimbia ni 2. Mwenye silaha ya tiki 4 ana tiki 3 za kutembea kabla ya ile ya kupiga: piga, ondoka, ngoja, rudi na piga. Kosa la kawaida ni kubofya adui umechelewa, tiki ya nne ikakukuta bado uko njiani. Bofya ukiwa na tiki moja mkononi. Mwenye silaha ya tiki 7 ana nafasi kubwa zaidi ya kuzunguka, na hii ni sababu nyingine ya silaha nzito kutokufa sokoni.

Nimefika kwa TzTok-Jad mara mbili, zote nimekufa kwa pigo moja. Nahesabu mfuatano wa mashambulizi yake lakini haukai. Nisaidieni.
Msomaji, Nairobi

Hakuna mfuatano wa kuhesabu. Ukimkabili ukiwa mbali naye, Jad, bosi wa wimbi la 63 kwenye mapango ya TzHaar, huchagua kwa bahati kati ya uchawi na mishale kila anapopiga. Kisichobadilika ni muda: anapiga kila tiki 8, sekunde 4.8, tena pigo lake linaweza kufika 97. Bila sala sahihi hakuna chakula kitakachokuokoa.

Kwa hiyo hesabu tiki, usibashiri aina. Jad akianza kujiinua na kuning'iniza miguu ya mbele, ni uchawi; washa "Protect from Magic". Akikita miguu chini kwa kishindo, ni mishale. Washa "Protect from Missiles". Sala ikishakuwa sahihi na pigo limekwisha kutua, una sekunde kama tatu za amani. Hapo ndipo unywe dawa ya sala, ule, na umpige. Ukiwa na krosbo ya tiki 5 kwenye "Rapid", usilazimishe pigo lako lilingane na lake. Tano na nane hazikutani mpaka tiki ya arobaini, na mikono yako itachanganyikiwa kabla ya hapo. Mwache mhusika arushe mwenyewe, macho yako yawe miguuni mwa Jad.

Na usimsogelee ubavuni. Akikupata karibu anaongeza pigo la tatu, la mkononi, na sala mbili ulizozizoea hazilizuii. Uhai wake ukifika nusu watatokea waganga wanne wa kumtibu. Mpige kila mmoja mara moja tu ili wakufuate wewe wamwache yeye, lakini kati ya mganga na mganga rudisha macho kwa Jad, maana tiki zake 8 zinaendelea kuhesabika.